Posa ya Nyali Jumamosi

Kikundi: UKOO WA KIBOKONI 🌙

*Jumatano, baada ya isha*

Shangazi Zubeda: Asalam alaykum jamaa zangu. Babake Nasra amekubali tuje kumposea Baka Jumamosi baada ya alasiri. Jumapili asubuhi yuwasafiri Umra, tukikosa siku hii basi tena mpaka Ramadhani ipite. Kabla hamjalala nataka kujua nani msemaji wetu na twaenda na gari ya nani

Shangazi Zubeda: Nawaona mushasoma

Shangazi Zubeda: Watu ishirini na kitu kwenye kikundi, hata mmoja hana mdomo?

Hamisi Dubai: Mabruk Baka 👏👏 shangazi mahari ni nini, ngongoti jozi moja, ile miti yake ya kutembelea?

Rukia: 😂😂😂 atachungulia juu ya geti kabla hawajamfungulia

Abdul Tudor: ukuta wa pale una waya wa umeme juu, asijaribu

Hamisi Dubai: si waya ndo ulomuozesha

Shangazi Zubeda: Hamisi wewe uko mbali usinipoteze. MSEMAJI NANI

Mamkuu Lamu: Waya gani tena? Mimi hamunambii kitu

Rukia: Mamkuu ni ile siku ya kanivali, Novemba, pale Moi Avenue karibu na Mapembeni, lori la kampuni ya kina Nasra lilikuwa limepambwa kama jahazi na mlingoti wake, basi ule mlingoti ukanasa kwenye waya wa simu, nyuma yao kila kitu kimesimama, bendi zimesimama, watoto wa skuli na bendera zao wamesimama juani, askari wapiga filimbi na hakuna anojua afanye nini. Baka alikuwa mbele na ngongoti zake akageuka akaja akaunyanyua waya kwa mti wa bendera, na Nasra yuko juu ya lori kashika mlingoti ampigia kelele kushoto! kushoto! wakaenda hivo mpaka lori likapita. Nilikuwa pale nimeona kwa macho yangu. Alipomaliza yule dada hakusema ahsante, alimuuliza kwani wewe huogopi

Mamkuu Lamu: Mashallah. Akajibu nini

Rukia: Akamwambia naogopa kila siku 😭❤️

Hamisi Dubai: hilo jibu kaliiba mahali

Shangazi Zubeda: Sawa, mumecheka. Narudi kwangu. Mlipa kilemba na mkaja ni sote, kila mtu atume alichonacho kwangu si kwa Abdul

Abdul Tudor: kwani mimi vipi

Shangazi Zubeda: Masufuria ya Malindi

Abdul Tudor: 🤐

*Alhamisi*

Shangazi Zubeda: Sabalkheri. Mpaka saa hii ni Rukia na Mamkuu tu walotuma. Halua nshaagiza, tambuu naleta mwenyewe. Na kuna jambo kubwa, kakake Nasra amempigia Baka usiku, amuuliza goti likiisha utamlisha nini dadangu. Ni swali la haki si la dharau, tukienda lazima tuwe na jibu na msemaji awe nalo kichwani. Baka mwanangu andika hapa

Shangazi Zubeda: Baka

Rukia: yuko shoo shangazi, hoteli ya Shanzu, mpaka saa tano

Ami Swaleh Likoni: Waalaykum salaam. Mimi sikusema kitu jana kwa sababu mlikuwa mwacheka. Yule si kufu yetu na sisi si kufu yao. Babake ana malori bandarini, binti katoka kusoma Uingereza, na sisi twampeleka mtu wa kuruka pete ya moto mbele ya wazungu na kifua wazi. Kama ni lazima twende basi msemaji aseme kijana yuko kwenye mambo ya utalii, ni msimamizi hotelini, yatosha. Hakuna atakayechunguza siku ya posa

Mamake Baka: Karani tena, shemeji?

*Ami Swaleh Likoni amefuta ujumbe*

Hamisi Dubai: karani wa nini? nani karani

Rukia: Hamisi nyamaza

Shangazi Zubeda: Wifi yangu, yale yamepita, marehemu keshatangulia tumuombee

Mamake Baka: Namuombea kila swala. Lakini hayajapita. Aloona sura ya babangu siku ile alipojua ni mimi. Mume wangu alikuwa mpiga ngoma, si karani, na alikuwa hodari, angeulizwa angesema. Hakupewa nafasi ya kusema

*Alhamisi usiku*

Baka: Shikamooni wote. Nimetoka sasa hivi nimesoma yote. Shangazi kuhusu goti, kakake nimemjibu na nawajibu na nyinyi. Kazi ya kuruka mtu hazeeki nayo, najua, ndio maana asubuhi nafundisha vijana pale ufuoni Bamburi na wawili washaanza kulipwa hotelini. Ngongoti haitaki goti kama kuruka, hiyo mtu ataenda nayo miaka. 2020 hoteli zilipofungwa nliuza viazi karai na sikuona haya

Shangazi Zubeda: Na Mei ile Mji wa Kale ulipozibwa hatutoki hatuingii, ni huyu alokuwa akizunguka na unga mlango kwa mlango. Ami Swaleh ulikuwa Likoni hukuona

Baka: Jambo jengine ni hili. Watu wasema Nasra atachoka na mimi. Huyu mtu alichukua mkataba wangu wa hoteli ulioandikwa kwa Kiingereza akausoma, akanionyesha mstari unaosema nikiumia ni juu yangu, nlikuwa nimetia sahihi miaka yote siujui. Akakaa na meneja mpaka ule mstari ukatoka. Mimi nami nikamvusha feri kwa miguu kwenda Likoni, kazaliwa Mombasa hii na hajawahi kuvuka bila ya gari, akauliza tiketi twakata wapi

Hamisi Dubai: 😂😂😂😂

Baka: nikamwambia wa miguu halipi. Akavuka akala mihogo ya pilipili akarudi, siku hizi yuwavuka peke yake. Sisi ndo tulivo, kila mmoja ana mlango ambao mwenzake hana ufunguo wake. Nampenda, na sitaki aolewe na msimamizi wa hoteli ambaye hayupo

Rukia: 😭😭😭

Abdul Tudor: mihogo ya nani, yule wa pale kwenye mteremko?

Mamkuu Lamu: Abdul!

*Ijumaa, baada ya sala*

Zuwena: Asalam alaykum. Nyanya amesomewa yote amesema niandike kama anavosema nisipunguze kitu

Zuwena: "Swaleh mwanangu. Kufu ni haki ya mwanamke na walii wake. Wakiridhia wao wawili, wewe na mimi hatuna neno. Hilo umelisoma chuoni, nani alokutia chuoni nikakulipia?

Daraja la Nyali lile la zamani la kuelea, kabla ya hili la 1980, nlikuwa nkivuka nalo kwenda kufua nguo za watu huko huko Nyali. Mlivaa kwa kazi ile. Sikumwambia mtu kuwa mimi ni mwengine.

Kwa posa ya Athmani, babake Baka, nlijua na nlikaa kimya, na mkwe wangu alilia ndani ya nyumba yangu. Mara ya pili sikai kimya. Msemaji akisema kijana ana kazi nyengine mimi siingii kwenye gari, na radhi zangu hazitoki nje ya mlango huu."

*(Kikundi kimya mpaka magharibi.)*

Shangazi Zubeda: Tumesikia Mama. Radhi zako ndo twazitaka

Mamake Baka: Mama 🤲🏽

Mamkuu Lamu: Amin

Shangazi Zubeda: Basi itasemwa ni mwanasarakasi, kwa mdomo mkavu, na la goti litasemwa kama alivoandika Baka. Lakini bado sina msemaji. Ni kesho jamani. Mzee wa kijana ni Ami Swaleh, yeye ndo mkubwa wa waume, nikimruka itakuwa fitina nyengine na siitaki. Ami Swaleh?

Shangazi Zubeda: Kaka nakuomba

Hamisi Dubai: mimi naweza kusema kwa simu ya video 🙋🏽‍♂️

Rukia: hapana

Abdul Tudor: gari yangu iko gereji lakini fundi asema kesho saa sita, inshallah

Shangazi Zubeda: Ya saa sita ya fundi naijua. Rukia tafuta Noah ya watu saba, wengine tuktuk

Rukia: sawa, lakini ya kukodi wataka pesa mbele na zilotumwa hazifiki

Ami Swaleh Likoni: Nimesoma maneno ya Mama

Shangazi Zubeda: Na?

Ami Swaleh Likoni: Kanzu yangu iko kwa dobi. Nikiipata, na feri ikiwa haina foleni, ntavuka mapema

Shangazi Zubeda: Mapema ni saa ngapi kaka. Na ukivuka, utasema wewe au utakaa tu?

Shangazi Zubeda: Ami Swaleh