Binti anataka sayansi ya kompyuta, ami yake anataka uhasibu

Mama wa Ngomeni:
Assalaam aleikum. Binti yangu amemaliza kidato cha nne hapa Malindi kwa alama ya B+, na hesabu amepata A-. Chaguo lake la kwanza kwenye KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, ni sayansi ya kompyuta. Ami yake anashikilia asomee uhasibu, kwa kuwa kila amjuaye aliyesomea kompyuta ameishia kwenye saiba, akiwajazia watu fomu za eCitizen, yaani huduma za serikali mtandaoni, na kuwachapishia karatasi. Naomba walio ndani ya fani hii wanieleze: miaka hiyo minne husomwa nini, mhitimu huajiriwa kufanya nini, na je, ni lazima ahamie Nairobi?

Mwandishi wa Programu:
Waaleikum salaam, mama. Shemeji yako amechanganya mambo mawili. Kuendesha saiba na kutengeneza mashine zilizoharibika ni kazi za halali zenye riziki yake, lakini hazihitaji shahada hii, wala si hizo zinazofundishwa chuo kikuu. Huko mwanafunzi huanza kwa hesabu, yaani mantiki, seti, uwezekano na matriki, ndipo aingie kwenye uandishi wa programu, algoriti (hatua za kutatua tatizo moja baada ya nyingine), mifumo endeshi (programu kuu zinazoiendesha kompyuta yenyewe), hifadhidata (mahali taarifa huwekwa kwa mpangilio) na mitandao.

Nitoe mfano wa karibu. Hoteli ya Malindi imebakiwa na chumba kimoja mwezi wa Agosti, na mteja aliye Milan anakibofya wakati uleule anapokibofya mwingine aliye Nairobi. Programu iliyoandikwa ovyo itaangalia mara mbili, itaona mara zote mbili kwamba chumba kipo, itapokea malipo ya wote wawili, na siku ya siku wageni wawili watasimama mapokezi na masanduku yao wakigombea ufunguo mmoja. Aliyesoma hifadhidata anajua kwamba kukagua chumba, kukizuia na kuandika malipo sharti viwe muamala mmoja usiogawanyika, ambao ama hutimia wote ama haufanyiki kabisa. Benki hutegemea kanuni iyo hiyo, na vilevile huduma kama M-Pesa iliyoanza mwaka 2007, kwa sababu fedha zikitoka kwa mmoja bila kumfikia mwingine hakuna atakayeiamini huduma hiyo tena.

Basi mhitimu huajiriwa kuandika programu, kusimamia hifadhidata na mitandao, kuchambua data, au kulinda mifumo. Kazi hii ya mwisho imepata uzito zaidi tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwani hospitali, shule na hata hoteli zinazoweka taarifa za watu zinawajibika kuzilinda.

Mwalimu wa Hesabu:
Naafikiana na aliyetangulia, ila mama asifichwe ugumu uliopo. Wahitimu ni wengi, na waajiri huuliza mtu ametengeneza nini kabla ya kuuliza amepata alama gani. Isitoshe, akili unde (AI) sasa huandika zile programu nyepesi walizokuwa wakipewa wanaoanza kazi, kwa hiyo anayejua kuandika tu bila kuweza kutambua pale programu ilipokosea atapata taabu. Binti apatiwe kipakatalishi mapema, hata kilichotumika, na mafunzo ya kazini ayatafute mwenyewe bila kungoja chuo kimpangie.

Kuhusu Nairobi, kazi nyingi ziko huko, ingawa uandishi wa programu hufanyika popote penye umeme na intaneti ya kutegemewa. Masomo yenyewe yanapatikana Pwani: Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, jirani kabisa. Na kwa kuwa mama ni wa Ngomeni, huyo ami akumbushwe kwamba setilaiti ya Uhuru, ya kuchunguza miale ya X kutoka angani, ilirushwa mwaka 1970 kutoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini mbele ya kijiji chenu. Vituo vya namna hiyo vinahitaji watu wa kuandika na kutunza programu za kupokea data kutoka angani.

Mama wa Ngomeni:
Ahsanteni sana. Akikosa nafasi hiyo akapewa teknolojia ya habari, je, amepoteza?

Mwandishi wa Programu:
Hajapoteza. Kozi hiyo huelekea zaidi kwenye kuendesha mifumo ndani ya taasisi, na hesabu zake huwa chache. Akitaka baadaye kuandika programu nzito, ajisomee algoriti na miundo ya data (namna za kupanga data ndani ya programu) kando, kuanzia mwaka wa kwanza.