MREJESHO: Panya kwenye jenereta na pawatila

Wakuu, mimi ndo nliuliza namna ya kuzuia panya wasizalie kwenye jenereta na pawatila (trekta dogo la kusukuma kwa mkono) zikiwa stoo zinasubiri msimu, maana walishatafuna waya wa plagi wakajaza matambara kwenye eafilta (chujio la hewa la injini).

Aliyesema nizibe ekzosi na mdomo wa eafilta kwa stilwaya ya kusugulia sufuria, mkuu ubarikiwe, wameigusa wakaiacha. Ila ukiziba funga kitambaa chekundu kwenye hendeli, dogo asije akawasha na stilwaya iko ndani ikanyonywa mpaka kwenye silinda, hapo utalia. Matundu ya feni nimeweka wavu wa milimita 6, kubwa zaidi ya hapo katoto ka panya kanapita.

Naftalini (vile vidonge vyeupe vya kuweka kabatini)? Wiki ya kwanza tu, harufu ikikata wanarudi. Sumu sijaweka, kuku wa mama wanazurura mle halafu panya anaenda kufia ndani ya kava uvundo wote wako.

Kilichosaidia kuliko vyote ni kuhamisha magunia ya mpunga chumba kingine. Jana nimefungua kava, vumbi tu, ila ncha ya kamba ya kuvuta kuwasha injini wameitafuna, nanunua nyingine kesho.