Pilipili mbuzi ilipata cheti Entebbe, ikakutwa na kiwavi wa FCM Ulaya. Turekebishe wapi?

Shamba_Mpigi

Salaam wakuu. Chama chetu cha wakulima huku Mpigi, Uganda, kinauzia kampuni inayopeleka pilipili mbuzi Ulaya kwa ndege. Mzigo ulikaguliwa, ukapewa cheti cha afya ya mimea, ukaondoka. Kule wakakata matunda, wakakuta kiwavi mmoja hai wa FCM (false codling moth, yaani nondo Thaumatotibia leucotreta, ambaye viwavi wake hula ndani ya matunda). Mzigo wote ukateketezwa.

Naomba kueleweshwa ukaguzi wa huku ulimkosaje. Je, tukiweka mzigo kwenye chumba baridi siku mbili tatu kabla ya ndege, atakufa? Wanachama wengine wanataka tupige dawa kali siku moja kabla ya kuchuma. Mashamba ni madogo, nusu ekari hadi ekari mbili, na pilipili za wote zinachanganywa kwenye kreti zile zile.

---

Mkaguzi_Mimea

Ndugu wa Mpigi, pole kwa hasara. Tuanze na hesabu, maana watu wengi wanalaumu macho ya mkaguzi kumbe tatizo ni idadi ya matunda aliyoyakata.

Chukulia tunda moja lina gramu 10. Tani moja ni matunda laki moja. Tuseme asilimia 1 tu yana kiwavi: hayo ni matunda elfu moja, kama manne katika kila katoni ya kilo 4. Sasa mkaguzi akichukua matunda 60 bila kuchagua na kuyakata yote, uwezekano wa kutokuta hata moja bovu ni kama asilimia 55. Zaidi ya nusu ya mizigo ya aina hiyo itampita, na kazi yake ameifanya sawasawa. Ili uwezekano huo ushuke hadi asilimia 5, lazima akate karibu matunda 300. Nyie mnaweza kumudu hilo kwa kila shamba, ni kama kilo 3 za pilipili. Kule Ulaya kiwango kinachoruhusiwa ni sifuri: kiwavi mmoja hai anatosha.

Baridi haitawasaidia. FCM huuawa kwa baridi kwenye machungwa yanayosafiri kwa meli, yakikaa wiki mbili na zaidi karibu na nyuzi sifuri. Pilipili haivumilii hivyo. Ikikaa chini ya nyuzi 7 inaanza kubonyea na kuota madoa, na ikitolewa kwenye joto inaoza. Kwa nyuzi 8 hadi 10 pilipili inabaki nzuri na kiwavi naye anabaki hai, anazubaa tu. Siku mbili za chumba baridi zinatunza ubora wa tunda, basi.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2019/2072 inatoa njia nne kwa pilipili zote za jamii ya Capsicum kutoka Afrika: nchi isiyo na FCM, eneo lisilo na FCM, shamba lililothibitishwa halina, au tiba au mfumo wa hatua mfululizo ambao serikali imeueleza Ulaya kwa maandishi mapema. Mdudu huyu ni wa Afrika, kwa hiyo mbili za kwanza tuzisahau. Mbili zilizobaki zote zinaanzia shambani. Cheti kinachosainiwa Entebbe kinashuhudia hali ya shamba, na kama kwenye kreti kuna pilipili za watu kumi, hakuna shamba la kushuhudia.

---

Luweero_Kijani

Hilo la dawa kali siku moja kabla ya kuchuma, wazuieni kabisa. Jike hutaga usiku juu ya ngozi ya tunda, yai bapa la milimita 1 hivi. Likianguliwa, kiwavi anatoboa na kuingia haraka, mara nyingi pembeni mwa kikonyo. Akishaingia, dawa ya kugusa haimfikii. Mnabaki na kiwavi mzima pamoja na mabaki ya sumu, na Ulaya mabaki ya dawa isiyowekewa kiwango chake hayaruhusiwi kuzidi miligramu 0.01 kwa kilo. Mtarudishiwa mzigo kwa kosa la pili.

Kinachofaa ni Bt (dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis, inayoua viwavi), ila lazima iwe juu ya tunda kabla yai halijaanguliwa. Piga jioni kwa sababu jua huiharibu, na urudie kwa ratiba ya lebo, hasa baada ya mvua.

Lakini kazi kubwa ni usafi. Tunda lenye kiwavi huiva kabla ya wakati wake na kuanguka. Kiwavi akikua anatoka, anajizungushia kifuko kwenye udongo au takataka, na wiki chache baadaye ni nondo. Kwa hiyo yaokoteni yaliyoanguka, na yaliyo mtini yanayoiva kabla ya wenzake yachumeni pia, angalau mara mbili kwa wiki. Msiyarundike pembeni mwa shamba! Yatieni kwenye mfuko mweusi wa plastiki, mfunge kabisa, muuache juani wiki moja hadi mbili. Ama yafukieni nusu mita kwenda chini.

Mitego ya harufu ya jike inanasa madume tu. Itawaambia mdudu yupo na ameongezeka lini, haitawamalizia. Itundikeni usawa wa majani ya juu, muhesabu kila wiki siku ile ile, na kidonge cha harufu kibadilishwe kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Wengi wanakiacha kimekwisha nguvu, mtego unasoma sifuri, wanafurahi.

Mmezungukwa na nini? Mahindi, bamia, pamba, mapera, machungwa na mbarika vyote vinamlea.

---

Shamba_Mpigi

Asanteni sana. Mahindi yapo kila upande na mapera hayakosekani kwenye uzio. Pilipili tunazozikataa mezani hukaa kwenye magunia nyuma ya kituo cha kuchambulia hadi wachuuzi waje. Na mzee mmoja anasema tuhamie mananasi na matoke kwa sababu hayahitaji cheti. Ni kweli?

---

Dada_Kituoni

Hayo magunia yaondoke leo hii, kaka. Hapo ndipo mnapofugia nondo hatua chache kutoka kwenye pilipili safi. Nondo wa FCM anaruka usiku, na milango ikiwa wazi anaweza kuingia na kutaga juu ya matunda mliyokwisha kuyachambua. Wekeni wavu kwenye madirisha na mfunge milango kabla ya giza. Zinazokataliwa zitoke siku hiyo hiyo zikiwa kwenye mifuko iliyofungwa.

Lakini kabla hazijatoka, zikateni. Watu wengi wanakata matunda mazuri na kutupa mabaya bila kuyaangalia, wakati mabaya ndiyo yanayosema ukweli wa shamba. Pokeeni kila shamba peke yake, kreti zake zina namba yake, na mchambue juu ya meza nyeupe yenye taa kali. Tenga tunda laini, lenye kikonyo kinacholegea, au lenye kitobo chenye unga wa kahawia pembeni. Kata kuanzia upande wa kikonyo na ufungue sehemu ya mbegu. Tumia lenzi ya mara 10, maana kiwavi mchanga ana milimita 1 na rangi ya maziwa, anafanana na mbegu. Akikua anakuwa wa waridi, kichwa cha kahawia, na ana jozi tatu za miguu karibu na kichwa. Funza wa nzi wa matunda hana miguu wala kichwa kinachoonekana, amechongoka mbele. Andikeni mmekuta yupi, dawa zao ni tofauti. Mkikuta FCM mmoja kwenye yaliyokataliwa, shamba lile zima linabaki nyumbani wiki hiyo. Najua inauma, lakini linauzwa soko la ndani badala ya kuwachomea wengine mzigo.

Kisha mkate 300 kutoka kwenye mazuri, bila kuchagua.

Kuhusu karatasi: namba ya shamba iwe ile ile kwenye kreti, katoni, orodha ya mzigo na cheti. Pilipili mbuzi ni Capsicum chinense. Msikubali ankara iandikwe annuum (aina nyingine ya pilipili) na cheti chinense. Tamko la nyongeza kwenye cheti litaje ni ipi kati ya zile njia nne iliyotumika, na cheti kisizidi siku 14 kabla ya mzigo kuondoka nchini. Mkitumia paleti za mbao ziwe na muhuri wa ISPM 15 (kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia), unaoonyesha mbao imetibiwa, kwa mfano kwa kupashwa hadi nyuzi 56 kwenye kiini kwa dakika 30.

Na kampuni ikipungukiwa kilo isijazie kwa pilipili za sokoni. Andikeni hilo kwenye mkataba. Kreti moja ya kujazia inafuta yote haya.

---

Mkaguzi_Mimea

Mzee yuko sahihi kwa sehemu. Tangu tarehe 14 Desemba 2019, karibu matunda mabichi yote yanahitaji cheti kuingia Umoja wa Ulaya, isipokuwa mananasi, ndizi pamoja na matoke, nazi, tende na duriani. Ila hiyo ni Ulaya tu. Kenya na nchi nyingine zina masharti yao, na kibali cha kuingiza huombwa na mnunuzi kabla lori halijatoka. Viwango vya mabaki ya dawa navyo vinabaki pale pale kwa nanasi.

Kwa mashamba yenu ya nusu ekari, ningeanza na yale yaliyo mbali na mahindi. Yaandikisheni hayo kwanza kwa Wizara ya Kilimo (MAAIF) na muombe wakaguzi waje wakati matunda yako mtini, kabla ya mchumo wa kwanza, kisha tena katikati ya msimu. Mwenye uwezo ajenge banda la wavu: pilipili hujichavusha yenyewe, haihitaji nyuki. Kingo za wavu zifukiwe ardhini na mlango uwe wa mara mbili, ukifungua wa ndani wa nje uwe umefungwa. Wengi wanatumia hela nyingi kwenye wavu halafu mlango ni gunia lililoning'inizwa.