Alovera ya maua ya njano au shubiri yetu ya porini, ipi nipande mlimani?

KijanaWaSame
Wakuu habari zenu. Nina kashamba huku Same upande wa mteremko, mawe matupu, mahindi yamegoma na mbaazi zinatoa kwa kubahatisha. Sasa kuna jamaa anauza miche ya alovera, ile yenye maua ya njano, 1,500 mche mmoja. Upande wa pili shubiri ya porini yenye maua mekundu ipo kibao huku vilimani, ya bure. Wengine wananiambia achana na vyote panda mkonge. Ipi bora? Naombeni majibu mapema, jamaa anataka advansi kesho kutwa.

MzeeKobe
Bora kwa kazi gani? Hujasema ukubwa wa shamba, hujasema maji yapo au hayapo, hujasema nani atanunua. Unataka sabuni, juisi, dawa ya kuku au pambo la getini? Hapa hatupigi ramli kijana.

dada_sabuni
Mimi natengeneza sabuni na mafuta ya nywele, nimeshika zote mbili. Chukua ya njano. Jani lake nene, ukilimenya unapata ute wa maana, hii ya porini ute kidogo halafu utomvu wa njano mwingi na ule uchungu hautoki hata ufanyeje. Hata hiyo ya njano lazima uichuje, mimi nikikata majani nayasimamisha kwenye beseni upande uliokatwa uangalie chini, nayaacha yatoe yale maji ya njano kwanza, ndio nakata miiba ya pembeni namenya nasaga. Ukiruka hiyo hatua sabuni inabadilika rangi na wateja wanalalamika kuwashwa.

Nizwa_Zenji
Assalam alaykum. Hiyo ya njano kwao ni huku, milima ya Hajar kaskazini ya Oman. Watu wameibishania miaka mingi, wengine wakisema Afrika wengine visiwa vya Kanari kwa kuwa imeshapandwa dunia nzima, lakini utafiti wa vinasaba wa 2015 ulionyesha ndugu zake wa karibu wako Bara Arabu. Huku utaikuta kwenye mteremko wa changarawe pasipo hata kivuli, jua likizidi majani yanageuka mekundu mekundu lakini haifi. Kwa hiyo ndugu yangu mlima wako na mawe yako si tatizo, tena ndio inapopapenda. Kinachoiua ni kuimwagia maji kila siku, mizizi inaoza unaona jani limelegea unadhani ina kiu, unaongeza maji, basi umeimaliza.

mogotio_254
Wasee wa Tz salamu kutoka Baringo. Kuhusu hiyo ya porini nawaambia mjihadhari. Huku Kenya tangu 1986 enzi za Moi ilitolewa amri hakuna kuvuna shubiri ya msituni, na bado watu walikuwa wanakata usiku wanachemsha ule utomvu mpaka unakuwa gundi nyeusi wanauzia mabroka kwa bei ya kutupa. Ukitaka kupeleka nje ya nchi aina zote za shubiri ziko kwenye CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, lazima kibali, isipokuwa alovera peke yake. Kwa hiyo hata kama ya porini ni ya bure, makaratasi si ya bure.

KijanaWaSame
Mogotio asante hilo sikulijua. Ila mimi soko langu la hapa hapa tu.

MzeeKobe
Soko gani la hapa hapa? Taja. Na bado hujasema ekari.

MamaKulwa
Ngoja niwaambie yaliyotukuta sisi kikundi cha akina mama, mtu asije akasema hakuambiwa. Ilikuja kampuni moja siitaji jina, wana gari zuri na fulana, wakatufanyia semina tukapewa soda, wakasema wanatuuzia miche ya alovera na tukishavuna wananunua majani yote kwa kilo, mkataba upo na mhuri. Tukachanga hela za vikoba tukanunua, tukalima, tukapalilia kwa mkono maana wanasema usiweke dawa, mimea ikakubali kweli ikajaa, majani makubwa. Tunapiga simu njooni mvune, wanasema subirini ikomae. Ilipotoa maua yakatoka ya machungwa, majani yana madoa meupe, akaja kijana wao mmoja akatazama akasema hii sio aina iliyoandikwa kwenye mkataba, mkataba unasema ya maua ya njano hatununui. Na miche walituuzia wenyewe!! Tukamwambia kijana kaa chini tuongee, akasema anafuata mafaili kwenye gari, gari ikaondoka. Simu zikazimwa mpaka leo. Tukapeleka majani mjini kwa mtu wa vipodozi, anataka magunia mawili tu kwa mwezi, nauli yenyewe inakula hela, maana lile jani ni maji matupu unasafirisha maji. Mbuzi hawali, kuni haliwaki, tumeishia kuling'oa. Sasa kijana ukisikia advansi kesho kutwa, jiulize.

dada_sabuni
Pole mama Kulwa. Ila ya maua ya machungwa nayo ute anao jamani, mimi natumia.

MamaKulwa
Ute upo, mnunuzi ndio hayupo.

Nizwa_Zenji
Madoa yasikudanganye, hata ile ya njano ikiwa changa huwa na madoa. Cha kutazama ni ua. Ya njano hutoa mti mmoja wa ua, unaweza kufika karibu sentimita 90, vimaua kama sentimita tatu vimeinamia chini. Hiyo ya porini kwenu matawi ya ua yanatanuka na vimaua vyote vinatazama upande mmoja.

KijanaWaSame
Sasa mche wa urefu wa kiganja nitaonaje ua?

MzeeKobe
Mwambie akupeleke ukaone mama zake. Alovera haipandwi kwa mbegu, inachipua watoto pembeni, na mtoto anafanana na mama mia kwa mia. Asipokuonyesha shamba mama lenye maua kaa na hela yako. Halafu nikupigie hesabu maana wewe unakimbia hesabu: ekari moja kwa nafasi ya mita kwa mita ni miche kama 4,000, mara 1,500 ni milioni sita. Milioni sita! Nunua 50 ni 75,000, iache izae, utapanua mwenyewe taratibu. Ya porini yenyewe mara nyingi haizai watoto, inabaki moja moja mpaka uhangaike na mbegu.

mkonge_halisi
Mnamsumbua kijana, apande mkonge. Ana uhakika nao, nyuzi zake zinauzika.

MzeeKobe
Korona, ile mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, iko umbali gani na shamba lake? Utabeba majani kwa bodaboda?

mkonge_halisi
Kuna korona ndogo za kuhamisha siku hizi mzee, dunia imeenda mbele.

mfugaji_dom
Nyie wote mmesahau kuku. Ile ya porini ndio dawa, nakata jani natia kwenye maji ya kunywa, kideri hakijagusa banda langu. Alovera ya njano laini sana haina nguvu.

dokta_mifugo
Mfugaji, kideri ni kirusi na hakina dawa, ya njano wala nyekundu. Ni chanjo. Ile ya I-2 tone moja jichoni kila miezi mitatu umemaliza. Na ule utomvu msiuchezee, unaharisha mtu sembuse kifaranga. Marekani dawa za kulainisha choo zenye shubiri zilitolewa madukani 2002, na mjamzito asiuonje kabisa.

mfugaji_dom
Dokta bibi yangu amefuga kuku miaka yote hajui chanjo ni nini.

dokta_mifugo
Na wakifa anasema upepo.

Nizwa_Zenji
Hahaha. Sisi bibi zetu walikuwa wanaipaka kwenye ziwa mtoto aache kunyonya, siku moja tu anaacha.

KijanaWaSame
Wakuu nimesoma yote. Shamba ni ekari moja na nusu, maji hakuna, bomba liko kijijini chini. Mnunuzi bado ila kuna duka la vipodozi Moshi walisema niwapelekee sampo. Halafu nusu ya shamba ni ya kaka yangu yuko Dar, bado sijamwambia.

MzeeKobe
Kumbe tunajadili shamba la watu!

dada_sabuni
Hao wa Moshi waulize wanataka jani au ute, ute ukishatoka unabadilika rangi haraka, bila friji usijaribu. Na mpigie kaka kwanza.

mkonge_halisi
Kaka atataka mkonge.

mfugaji_dom
Dokta turudi kwetu, hiyo chanjo ya tone naweza kuweka kwa kuku anayetaga au mayai yanapungua? Na kuna mtu hapa ana vifaranga vya kuroiler Dodoma mjini?