Kompyuta haioni kibodi, halafu inaniambia nibonyeze F1! Wauza adapta na mafundi wa mjini, mmenichosha

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuambiwa nitulie. Nimetulia wiki mbili nzima na kutulia kwenyewe kumenila hela.

Mimi ni mpiga chapa. Hati za viapo, wosia, mikataba ya mashamba, barua za vyama vya akina mama, vyote vinapita mikononi mwangu. Chumba changu kiko juu huko River Road, Nairobi, ngazi za giza, wanaonijua wananijua. Tangu 1998 kibodi ninayoitegemea ni moja tu, ile nzito ya IBM, Model M, ambayo marehemu mjomba aliinunua kwenye mnada ofisi yao ilipofungwa. Kibandiko cha mgongoni kinasema 1991. Kila kitufe kina springi yake ndani, ukikigonga kinalia tak, na mteja aliyekaa kwenye benchi huko nje anajua kazi yake inasonga. Kitufe cha Windows haina, ilizaliwa kabla ya mambo hayo. Imemwagikiwa chai, imeangushwa na mtoto, imenusurika mafuriko ya paa mara mbili. Hizi nyembamba za siku hizi huwa nazimaliza kwa miezi minane: A na N zinafutika kwanza, halafu kile kitufe kirefu cha nafasi kinaanza kunata upande mmoja.

Kwa hiyo kabla hujaandika "si ununue mpya", nimeshakujibu.

Sasa. Mashine yangu ya zamani ilikufa mwezi uliopita. Nikachukua nyingine, hizi za ex-UK, mitumba ya Uingereza, safi tu, sina neno nayo. Lakini nyuma haina lile tundu la duara la zambarau la kibodi za zamani, la PS/2. Ni USB tupu. Nikaifunga kibodi kwa leso, nikaiweka kwapani, nikashuka Luthuli, kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta.

Kijana wa dukani akaipokea, akaigeuza, akasoma ile 1991 kwa sauti mpaka wenzake wakacheka. "Mathe, hii umeitoa makumbusho?" Nikacheka nao, mimi si mtu wa nongwa. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa plastiki akatoa kidude cha ukubwa wa kidole gumba, upande mmoja tundu la duara, upande wa pili USB. Hakina waya, hakina chochote. "Dawa yake ni hii. Mia mbili hamsini." Nikamwuliza, na itakubali? Akakichomeka kwenye mashine yake hapo kaunta, na zile taa tatu za pembeni juu kulia zikawaka pamoja, zikazima. "Si umeona mwenyewe? Imekubali." Nikalipa. Risiti ina mhuri mwekundu: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Hapo ndipo kosa langu lilipo na ninalikiri. Sikumwambia aandike hata herufi moja.

Nimepanda ngazi, nimechomeka, nimewasha. Kioo cheusi. Maandishi meupe ya Kiingereza, nawatafsiria: kibodi haijaonekana, bonyeza F1 ili kuendelea.

Nibonyeze F1 ya nani? Yaani umeniambia mlango haupo, halafu unaniambia nipite mlangoni! Nilikaa nikiitazama ile sentensi kama dakika tano, mteja nyuma yangu ana shahidi anayesubiriwa na wakili saa tano.

Nikaita fundi, maana nilidhani tatizo ni mashine. Huyu fundi nilielekezwa, si mtu wa kuokotwa barabarani. Alikuja, akachomeka, akaona taa zinawaka na kuzima, akasema neno ambalo nitalikumbuka: "Kibodi iko sawa, kwa sababu taa zinawaka. Adapta iko sawa, kwa sababu umeme unapita. Basi ni mazabodi." Elfu tano na mia tano ya mazabodi (ile bodi kuu ya ndani ya mashine), elfu moja na mia tano ya kuja kuangalia. Nikampa ile ya kuangalia, na akaondoka na mashine yangu siku tatu. Siku tatu! Nilikuwa nawatuma wateja kwa jirani, na jirani si malaika, wengine hawakurudi. Mashine ikarudi na jibu lilelile la mazabodi. Mazabodi sikununua. Kitu fulani kilinikataza.

Mpwa wangu anasoma mambo ya umeme. Jumamosi alikuja kula, nikamwonyesha kile kidude. Hakukigusa hata. Aliangalia tu akauliza, "Shangazi, hiki kina nini ndani?" Sikujua. Tukakipasua kwa kisu cha jikoni. Ndani: waya nne. Basi. Waya nne kutoka huku kwenda kule.

Nisikilizeni hapa vizuri, maana ndipo tunapoibiwa.

PS/2 ilitoka na kompyuta za IBM za 1987. USB ilikuja 1996. Zinazungumza lugha mbili tofauti kabisa. Kuna miaka fulani ya katikati ambapo viwanda vilitengeneza kibodi na mausi zinazojua lugha zote mbili, na ndani ya boksi wakakuwekea kile kidude bure. Kibodi yenyewe ndiyo iliyokuwa ikihisi imechomekwa wapi na kubadilisha lugha. Kidude kilikuwa kinabadilisha umbo la plagi tu. Sasa hizo kibodi zimekufa au zimetupwa, vidude vimebaki, na kuna watu wanaviuza kana kwamba ni wakalimani. Kibodi ya 1991 ilizaliwa miaka mitano kabla ya USB. Kuivalisha plagi ya USB ni sawa na kumvalisha babu yangu sare ya shule halafu kumwita kwenye mtihani wa Kifaransa.

Na zile taa? Kibodi hii ikipata volti tano, kitu cha kwanza inachofanya ni kujipima yenyewe, na taa zinawaka mara moja kama sehemu ya kujipima. Haijali kama kuna mtu anaisikiliza. Mpwa wangu aliichomeka kwenye chaja ya simu, na kidude kingine kama hicho alichokuwa nacho kwenye begi. Taa zikawaka, zikazima. Kwenye chaja ya simu! Kwa hesabu ya yule kijana, chaja yangu nayo "imekubali" na naweza kuichapia wosia.

Kinachotakiwa ni adapta yenye chipu ndani, inayosikiliza PS/2 na kuongea USB. Mara nyingi ina mkia wa waya wenye matundu mawili, la zambarau la kibodi na la kijani la mausi. Nikapata moja kwa mia tisa, duka lingine. Na kabla hujalipa, fanya hivi: waambie waichomeke kwenye kompyuta BILA kibodi. Yenye chipu, kompyuta itaitambua na kulia ule mlio wake wa kupokea kifaa, hata kama nyuma hakuna kitu. Ile ya waya tupu, kimya kabisa, kwa sababu hakuna wa kujitambulisha. Sekunde tano tu na hakuna mtu anayekwambia.

Atakuja mtu hapa aseme yeye ana kibodi yenye ile plagi kubwa ya pini tano na kidude cha waya tupu kinamfanyia kazi vizuri. Ni kweli. Kutoka plagi kubwa ya IBM AT, kompyuta ya 1984, kwenda PS/2 lugha ni moja, umbo tu ndilo limebadilika. Ila zile za mwanzo kabisa za 1981 zina plagi hiyohiyo kubwa na lugha nyingine, usije ukanilaumu.

Mnadhani iliishia hapo? Adapta ya mia tisa ilifanya kazi Windows ikishafunguka. Nikaandika, nikafurahi, nikapika chapati. Asubuhi nawasha: bonyeza F1.

Nilitaka kuirusha dirishani.

Hii ya pili ilichukua siku nne na ilikuwa mambo matatu yamepandana. La kwanza, betri ndogo ya duara iliyo juu ya mazabodi, CR2032, ilikuwa imekufa. Mimi jioni huzima soketi ukutani kwa sababu ya stima inayokuja kwa kishindo, kwa hiyo kila asubuhi mashine imesahau saa, imesahau mipangilio, inasimama na kuulizia F1. Fundi wa siku tatu aliifungua mashine hiyo na betri iko hapo inamtazama usoni. Betri ni shilingi mia.

La pili, mipangilio ya kiwandani ya mashine hii ni kuwaka haraka. Inaangaza macho mara moja, isipojibiwa inasonga. Kibodi ya kawaida ya USB inajibu papo hapo. Yangu lazima kwanza ijipime, iiambie adapta kwamba nipo, ndipo adapta iiambie kompyuta. Tukichelewa kidogo tu, hatupo. Nikaazima kibodi ya binti wa duka la M-Pesa hapo chini, nikaingia BIOS, ile mipangilio ya mashine ya kabla ya Windows, nikazima kule kuwaka haraka, nikawasha ile sehemu ya kuzitambua kibodi za USB kabla ya Windows, na kwa bahati mashine yangu ina mahali pa kuongeza sekunde za kusubiri. Nikaweka tano. Mzee mzima anapewa nafasi apande ngazi.

La tatu, nilikuwa nimeichomeka kwenye kile kigawanyio cha USB cha mezani pamoja na printa na simu. Hizi kibodi za zamani zinakula umeme kuliko za sasa. Nikaihamishia nyuma ya mashine moja kwa moja, tundu jeusi, si lile la bluu, maana la bluu lilikuwa likinisumbua wakati wa kuwasha.

Sasa inawaka. Kwa kweli si kila mara, kama mara moja kwa wiki inagoma, nachomoa upande wa USB na kurudisha. Upande wa USB, jamani, si ule wa duara. Ule wa duara haukutengenezwa kuchomolewa mashine ikiwaka, na kuna watu wameunguza fyuzi ya mazabodi kwa haraka zao.

Hesabu: 250 ya waya nne, 1,500 ya kuambiwa uongo, siku tatu bila kazi. Na mimi ndiye ninayepiga chapa Katiba kwa ajili ya watu! Kifungu cha 46 nakijua kwa vidole: mteja ana haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. "Imekubali" si maelezo. Mhuri mwekundu pia si maelezo.

Fundi naye sitamsamehe haraka. Kutojua si dhambi, hata mimi sikujua. Lakini hukujua ukasema hujui? Hapana, ulitaja mazabodi. Mbona mafundi wetu kila wasichokijua jina lake ni mazabodi?

NAONGEZA, Jumatano jioni: Mmeniuliza sana kama nilirudi pale dukani. Nimerudi leo, vipande vya kile kidude nimevifunga kwenye karatasi. Sikupiga kelele. Nikamwagia waya nne juu ya kioo cha kaunta, nikamwambia, mwanangu, nionyeshe dawa iko wapi hapa. Akavitazama, akainama chini ya kaunta, akatoa ile yenye mkia, zambarau na kijani, iko kwenye pakiti yake. Anazo! Boksi zima! "Hii ndiyo inafaa kwa zile za zamani, elfu moja na mia mbili. Sasa mathe, si siku ile ungeniambia yako ni ya zamani?"