Wanawake wa Ukoo: pampu ya Tumaini

*Jumamosi*

Tumaini, 1:14 usiku
Shikamoo Bibi, shikamooni mama zangu. Wifi zangu habari za jioni. Nina jambo naomba mnisaidie kabla sijatoa hela. Mimba ina wiki 34 sasa, na likizo ya uzazi ikiisha narudi kazini. Mwenzangu ofisini amemwachisha mwanawe ziwa, ananiuzia pampu yake ya kukamulia maziwa. Ni ya umeme, 40,000. Anasema haina shida yoyote. Mnajua sisi tuko Uyole na kazi iko Sokomatola, kukimbia mchana kunyonyesha na kurudi haiwezekani. Nimpe hela Jumatatu?

Mama Ipyana, 1:17 usiku
Marahaba mwanangu. Mtoto hajazaliwa unawaza mashine? Si nipo mimi, nitamlea.

Tumaini, 1:19 usiku
Najua mama, na ndiyo maana nina amani. Nataka tu akiwa kwako anywe ya kwangu, asianzishwe ya kopo kabla ya miezi 6.

Mama Ipyana, 1:20 usiku
Hapo umenena.

Mama Upendo Mafinga, 1:24 usiku
Kamwene wote. 40,000 si mbaya, mpya ni ghali zaidi.

Shangazi Tusekile, 1:31 usiku
Marahaba Tumaini. Ndiyo natoka zamu. Hela usitoe kwanza. Mwombe mwenye pampu aifungue akupigie picha pale mpira mwembamba unapoingia kwenye chombo. Nataka kuona kama kuna kizuizi kati ya maziwa na ule mpira.

Tumaini, 2:05 usiku
[picha] [picha] Katuma hizi shangazi.

Shangazi Tusekile, 2:11 usiku
Hiyo iache. Haina kizuizi. Pampu za aina hiyo zinaitwa za mfumo wazi, yaani hewa inayovuta inapita njia moja na maziwa. Tone au mvuke wa maziwa ukiingia kwenye mpira, unafika hadi kwenye mota, na mota huwezi kuichemsha. Kuza picha ya pili, tazama mpira karibu na mashine. Ule weusi kwa ndani ni ukungu. Huyo dada hana nia mbaya, hata kuona hajaona. Ila maziwa ya mtu mwingine yanaweza kubeba maambukizi, na hatuwezi kumwekea mtoto mchanga mashaka ya namna hiyo kwa ajili ya 40,000.

Unayotafuta ni ya mfumo uliofungwa. Katikati kuna kipande laini cha silikoni kinachozuia maziwa yasivuke. Na hata hiyo nunua mpya, iwe yako peke yako.

Mama Upendo Mafinga, 2:13 usiku
Mimi ya kwangu nilimwazima mdogo wangu 😔 Sikujua kabisa.

Shangazi Tusekile, 2:14 usiku
Wengi hawajui, mama Upendo. Hospitali wanazo kubwa za kutumiwa na akina mama wengi, lakini zile zimetengenezwa kwa kazi hiyo na kila mama anapewa vyombo vyake.

Tumaini, 2:20 usiku
Asante shangazi. Sasa mume wangu Ipyana hapa ameona mtandaoni zile za kuvaa ndani ya sidiria, hazina waya wala mpira. Anasema tukibana matumizi tutaimudu. Mwingine kaniambia chukua tu ya mkono. Na dukani Mwanjelwa muuzaji ananisifia yenye nguvu kuliko zote. Nimechanganyikiwa.

Wifi Atupele, 2:48 usiku
Wifi yangu hapo kwenye nguvu naomba unisikilize, maana mimi yalinikuta kwa mwanangu Lusajo.

Nilinunua yenye nguvu. Nikafika nyumbani nikaiweka juu kabisa, nikijua ndiyo maziwa yatatoka haraka. Siku ya kwanza mililita 30, matiti yote mawili kwa pamoja. Siku ya tatu chuchu zina michubuko, kanga ikigusa naruka. Nilikuwa najifungia chumbani, mashine inanguruma, natazama kile kichupa, tone, halafu kimya, halafu tone. Nikaamini sina maziwa. Nililia wifi. Nikawa nimeshamtuma mtu kopo.

Mkunga mmoja, Mungu ambariki, hakugusa mashine. Aliniambia kamua nikuone. Akatazama tu faneli, ile sehemu ya plastiki inayokaa titini, akasema hii ni kubwa kwako. Chuchu ilikuwa inaingia na nyama ya pembeni yote, nikimaliza kuna duara jekundu kama nimebanwa na kifuniko cha chupa. Ile iliyokuja kwenye boksi ilikuwa milimita 24. Yangu ilikuwa 19. Nikabadilisha kale kaplastiki tu, mota ileile, nikashusha nguvu hadi katikati. Wiki ileile nikaanza kupata 90, mara nyingine 100.

Kwa hiyo muuzaji akikutajia nguvu, wewe muulize faneli. Zipo saizi ngapi, na anaziuza peke yake?

Tumaini, 2:52 usiku
Wifi, na hukuwahi kuniambia 😢

Wifi Atupele, 2:53 usiku
Ulikuwa hujafika kwetu bado. Ndiyo nakwambia sasa.

Shangazi Tusekile, 3:06 usiku
Atupele amesema vizuri kuliko nilivyotaka kusema mimi. Naongeza kidogo tu. Inayopimwa ni chuchu yenyewe, upana wake kwenye shina, weusi wa pembeni haumo. Faneli inakuwa sawa na kipimo hicho au inazidi milimita chache. Ikibana sana inasugua, ikipwaya inavuta nyama kama alivyosema. Na chuchu hubadilika ukishajifungua, hivyo utapima tena. Vipimo vyako nitumie pembeni, si hapa.

Nguvu: anza chini, panda taratibu, ukifika inapoanza kuuma rudi hatua moja. Maumivu yanazuia maziwa kushuka.

Tena usipime wingi wa maziwa yako kwa pampu. Mtoto aliyeshika titi vizuri anatoa kuliko mashine yoyote.

Mama Upendo Mafinga, 3:10 usiku
Na za sidiria je? Hata mimi natamani kujua.

Shangazi Tusekile, 3:19 usiku
Zinafaa kwa mtu asiyeweza kukaa. Lakini kwa mara ya kwanza kabisa mimi nasita. Huoni chuchu imekaa wapi, chombo chake ni kidogo, na ukiinama maziwa yanaweza kumwagika. Nyingi hazina mvuto thabiti kama zenye mota ya nje. Bei ndiyo usiseme. Mwambie baba mtoto nia yake tumeiona.

Ya mkono nzuri kwa mtu anayekamua mara moja moja. Tumaini atakuwa kazini siku 5 za wiki, akamue kila baada ya saa 3 hivi. Kiganja kitachoka. Huyu anahitaji ya umeme ya matiti mawili kwa pamoja, inamaliza kwa dakika 15 hadi 20. Iwe na betri ya ndani, kwa sababu umeme hauna miadi.

Tumaini, 3:22 usiku
Ofisini hatuna friji shangazi.

Wifi Atupele, 3:24 usiku
Kideli kidogo na pakiti za barafu. Mimi nilipanda nacho daladala kila siku, nakipakata. Nikishuka Uyole barafu bado ngumu.

Shangazi Tusekile, 3:29 usiku
Barafu zikiwa zimeganda vizuri, maziwa yanakaa humo hadi saa 24. Mezani saa 4, basi. Kwenye friji siku 4. Yakigandishwa, miezi 6 ndiyo bora. Andika tarehe kila mfuko.

Mama Ipyana, 3:33 usiku
Uyole na baridi hii ya mwezi wa 6 si yatakaa hadi jioni juu ya kabati?

Shangazi Tusekile, 3:36 usiku
Dada, tuhesabu saa 4 hivyohivyo. Ndani umewasha jiko, joto la nyumba si la nje. Na wewe ndiye utakayempa mtoto, kwa hiyo hili ni lako: kupasha moto unatumbukiza chombo kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Usiyachemshe, wala maikrowevu usitumie. Yaliyoyeyuka hayarudi kuganda. Alichobakiza baada ya kunywa, ndani ya saa 2 kama hajamaliza, mwaga.

Mama Ipyana, 3:37 usiku
Nimwage maziwa ya mwanangu?

Shangazi Tusekile, 3:38 usiku
Weka kidogo kidogo dada, mililita 60 kwanza. Akitaka, ongeza. Na mpe kwa kikombe kidogo, ni rahisi kuosha kuliko chupa.

Wifi Atupele, 3:50 usiku
Bibi ametuma sauti ya dakika 3 kutoka Tukuyu. Naiandika kwa ambao bando limeisha:

"Ugonile mwanangu Tumaini. Hiyo mashine nunueni, siikatai. Lakini ujue kukamua kwa mkono, maana mkono hauishi chaji. Nawa. Weka kitambaa cha moto, papasa titi kutoka juu kushuka. Halafu kidole gumba juu, viwili chini, nyuma kidogo ya chuchu, pale weusi unapoishia. Sukuma kuelekea kifuani kwanza, ndipo ubane, achia. Usivute chuchu, si ng'ombe huyo. Zungusha vidole uguse kila upande. Mama yake Ipyana alikuwa mdogo sana alipozaliwa, hakuweza kunyonya, nilimkamulia dang'a, yale maziwa ya kwanza, kwenye kijiko. Ndiye huyo hapo leo anaitwa mama mkwe."

Mama Ipyana, 3:55 usiku
Ndaga fijo mama. Hilo hukuwahi kunisimulia.

Shangazi Tusekile, 3:58 usiku
Bibi amefundisha sawasawa. Tumaini, mkono huo ndio utakaokufaa siku za mwanzo kabisa, dang'a ni kidogo na ni nzito, inabaki kwenye plastiki ya pampu. Ila usijaribu sasa hivi. Kuchezea chuchu kabla ya wakati kunaweza kuamsha uchungu. Pampu nayo ikae kwenye boksi. Mtoto akishika titi vizuri, iguse wiki ya 3 au ya 4.

Mama Upendo Mafinga, 4:02 usiku
Na ruhusa kazini? Mimi shuleni tuliisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Likizo siku 84, mapacha 100. Ukirudi, mwajiri akuruhusu kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Imesema kunyonyesha, pampu haikutajwa, kwa hiyo ongea na bosi wako mapema kabla hujaondoka. Omba na chumba chenye komeo. Mimi nilikamulia stoo ya vitabu, mlango nimeuegemea kwa mgongo. Sitaki nawe upitie hivyo.

Tumaini, 4:06 usiku
Nitaongea naye Jumatatu. Asante dada.

*Jumapili*

Tumaini, 9:40 alasiri
Nimetoka Mwanjelwa. Duka la kwanza walikuwa na yenye nguvu, faneli 24 tu, nyingine hawana. Nikaondoka. La pili wamenifungulia boksi: mfumo uliofungwa, matiti mawili, betri ya ndani, faneli 24 na vipunguzio vya 21 na 19. Sijalipa, nimeomba wanishikie hadi kesho.

Shangazi Tusekile, 9:52 alasiri
Vizuri. Vali uliwaulizia? Vile vimdomo vyeupe vya mpira. Vikichanika kidogo tu mvuto unakufa na mtu anadhani mota imeharibika. Kama wanaviuza pembeni, lipa.

Tumaini, 10:03 jioni
Nimewapigia. Wanavyo.

Mama Ipyana, 10:10 jioni
Mimi nimetenga beseni jipya la kuoshea hivyo vyombo, lisiingie sahani wala mboga. Na sufuria ya kuvichemshia. Tusekile, dakika ngapi?

Shangazi Tusekile, 10:11 jioni
Dakika 5 maji yakishachemka, dada. Kisha vikauke vyenyewe juu ya kitambaa safi.

Mama Ipyana, 10:12 jioni
Nimeandika ukutani.