Acheni kupima kila riwaya ya fantasia kwa jedwali la "akitaipu 12" (sampuli za wahusika zinazojirudia katika hadithi), nimechoka!

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa "unasoma nini sasa hivi", maana mimi hapa sisomi, nalalamika.

Juzi nimerudishiwa mswada wangu na mhakiki mmoja, simtaji. Mwaka mzima wa kukesha, halafu jamaa kaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Huyu ni Mjanja au Muasi? Chagua. Mshauri wake yuko wapi? Mbona mwishoni habadiliki?" Kaambatanisha na jedwali la visanduku 12, juu yake kichwa cha habari: "Akitaipu za Jung".

Za Jung zipi? Carl Jung, yule daktari wa akili wa Uswisi aliyefariki 1961, hakuacha orodha yoyote ya 12. Orodha hiyo ni ya Carol Pearson, ilitoka kwenye kitabu chake cha 1991. Mwaka 2001 yeye na Margaret Mark wakaigeuza mwongozo wa kujenga chapa za biashara. Yaani kipimo mnachowapimia wachawi na majoka ndicho hicho hicho cha kuuzia bidhaa! Jung mwenyewe alisema akitaipu ni umbo tupu, kama mistari isiyoonekana ambayo fuwele hujipanga kwayo inapokua. Kinacholijaza ni maisha ya watu wanaosimulia. Nyie mmelichukua hilo umbo, mkalijaza mapema, kisha mnamlaumu mwandishi kwamba hakuenea.

Chukueni Kivuli, akitaipu ya Jung mwenyewe. Kila mchambuzi humu Kivuli kwake ni adui mkuu, basi. Katika riwaya ya Ursula K. Le Guin ya 1968 kuhusu mchawi kijana Ged, Ged anaita kivuli kwa kiburi chake mwenyewe, anakikimbia, kisha anageuka na kukiwinda hadi mwisho wa bahari. Wanapokutana hakichomi upanga. Anakiita kwa jina, na jina lenyewe ni lake: Ged. Huyo ndiye Kivuli, kile unachokikataa ndani yako. Sasa niambieni, "adui mkuu" wa hapo alishindwa na nani?

Tukija kwa ayari, yaani huyo Mjanja, ndiyo kichefuchefu kabisa. Eshu, mungu wa Wayoruba, anapita katikati ya mashamba ya marafiki wawili, kofia yake upande huu rangi hii, upande ule rangi nyingine. Marafiki wanatoana ngeu wakibishania rangi ya kofia. Eshu habadiliki wala hajifunzi kitu, kazi yake ni kuwaonyesha wao kwamba kila mmoja aliona nusu. Watafsiri wa Biblia ya Kiyoruba karne ya 19 walimpa Shetani jina lake, na mpaka leo waandishi wa fantasia wanahangaika kumtoa huko. Halafu mtu anakuja na kisanduku: "Mjanja, mchekeshaji, msaidizi wa shujaa." Msaidizi!

(Jung naye hakuwa malaika. Alipofika Mlima Elgon mwaka 1925 aliwatazama wenyeji kana kwamba ni utoto wa binadamu wa Ulaya. Kwa hiyo sisemi tumpigie magoti, nasema msimsingizie.)

Na msiniletee Joseph Campbell, yule mchambuzi wa visasili, na kitabu chake cha 1949 kinachodai mashujaa wote hupita safari moja. Nimekisoma. Ukitafuta kinachofanana tu, utakipata kila mahali, na vingine vyote utavipita bila kuviona.

Mswada siubadilishi hata nukta. Mhakiki wangu, kama umo humu, nijibu hili moja tu: Sun Wukong, tumbili wa China aliyevuruga mbingu, akalaliwa na mlima miaka 500, akavishwa pete ya kichwani inayombana mtawa akisoma dua, na mwisho akawa Buddha. Yeye umemweka kisanduku gani?